Bado Lipo?

Saa sita na robo usiku, Makorora, umeme umerudi,
nateleza na kidole juu ya kioo cha simu:
friji la mlango mmoja, kochi la watu watatu,
matairi ya bajaji, seti ya sufuria,
halafu wewe.

Umelazwa juu ya blanketi la maua kama mgonjwa wa Bombo,
nyuzi tatu badala ya nne,
na wasifu wako kwa herufi kubwa:
GITAA LA BESI. LA UJERUMANI. LIMETUMIKA KIDOGO.
LAKI TATU NA NUSU. MAONGEZI YAPO.

Ujerumani! Wewe uliyevuka Horohoro
ndani ya gunia la mitumba, ukinuka dawa ya nondo.
Kidogo! Usiku wa harusi ya Barabara ya Kumi na Mbili
tulipiga tangu isha mpaka mwadhini akakohoa kwenye spika,
na sigara ya Mbwana Kidoti ikakuunguza ubavuni,
hapo hapo, chini ya kitufe cha tatu.
Nimeikuza picha. Kovu lipo.

Nilikuuza laki na themanini
mwaka ilipokufa injini ya pikipiki.
Sikulia. Nilihesabu noti mara mbili,
nikampa mnunuzi na mkanda, bure.

"Bado lipo?"
"Lipo kaka."
"Bei ya mwisho?"
"Wewe una ngapi?"
Nina laki na arobaini, na kodi ya nyumba inanidai.
Nikaandika: "Laki mbili."
"Hiyo hata boksi lake hupati."
Hukuwahi kuwa na boksi.

Basi nikaanza kukusengenya, unisamehe.
Nikasema shingo imepinda. Nikasema kitufe cha sauti kinakwaruza.
"Hakikwaruzi, ni kuchomeka na kupiga tu."
"Kizungushe hadi robo, kisha kirudishe taratibu."
Kimya.
Tiki mbili za buluu.
Nikamwona, bila kumwona, ameinama juu ya lile blanketi.
"We umejuaje?"

Ningemjibu nini? Kwamba mtu hata akitoa talaka
haisahau ile kona ya kitanda aliyoipenda mwenzake?
Nikaandika: "Nimebahatisha."

Kufikia asubuhi nimefika laki mbili na nusu,
za shemeji, za kikoba, za Shemdolwa wa duka la vipuri
aliyeniuliza mara tatu kama gitaa linapakia abiria.
Simu ikalia: "Samahani bro. Kuna mama wa kwaya, Muheza,
katuma yote, na ya kutolea."

Na ya kutolea!
Miaka yote hii ya kununua spika zilizopasuka,
amplifaya linaloshika redio ya jirani,
pedali iliyofika ikiwa na betri iliyovuja na barua ya kuomba radhi,
sijapata kukutana na mtu aliyetuma na ya kutolea.
Ukipotea mikononi mwa mtu kama huyo, hujapotea.

Nikaomba namba. Mpigaji wao ni binti, Eliwaza, kidato cha tatu.
Nikamwandikia: "Uzi wa tatu ukigomba kwenye freti ya tano,
legeza skrubu nne za nyuma, chini ya shingo pachika
kipande cha kadi ya vocha.
Kitufe cha sauti usihangaike nacho. Kiache robo."

Hakuuliza nimejuaje.
Aliandika, baada ya saa nzima:
"Nimefungua. Kuna kadi tayari, ya mia tano. Niitoe?"
"Iache."

Jumapili jioni akanitumia sauti, dakika mbili.
Spika ya simu hii haina tumbo:
nikasikia vidole, kiti kikiburutwa, soprano wakigombea wimbo,
wewe sikukusikia.
Nikaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu,
nikainamisha kichwa kama anayenusa kama ugali umeungua.
Mke wangu akasimama mlangoni, anauliza natafuta nini mle.

Nikamwambia ngoja.
Ngoja.
Hapo.