Kwa Mhasibu wa Kaunti, Kuhusu Mabega

Umeandika, Bwana Mwadime:
"Fafanua gharama ya kila bega."
Nafafanua, kwa kalamu ileile
niliyowatilia alama.

Dozi, pamba, spiriti: risiti unazo.
Barafu nilinunua. Friji ya zahanati yetu Mtongwe
imekufa tangu mfungo.
Nilingoja vipande vitoe jasho kwanza,
maana chanjo hii kuganda huiua
upesi kuliko joto.
Feri ilisimama majini saa nzima na robo
nami nimelipakata sanduku kama mwana wa watu.
Saa hiyo sikuitilia bei.

Hisabati, kipindi kimoja, mara tatu.
Mwalimu Dzombo alinuna. Mtie.
Soda ya Nyevu, aliyezirai
kabla sindano haijatoka kwenye karatasi: shilingi arubaini.
Fomu za wazazi: moja ilirudi na doa la mchuzi,
nyuma imeandikwa, "Mwanangu haumwi, ahsante."
Nikaenda kwa miguu hadi kwao.
Tia soli.

Dozi ya tatu ndiyo ghali.
Miezi sita ni mingi kwa mtoto wa karo.
Ishirini na tisa hawakuwapo darasani.
Chidzuga nilimkuta gereji, Likoni,
bega jeusi kwa oili;
nilifuta pamba nne badala ya moja.
Ndiyo zile pamba ulizozizungushia wino mwekundu.

Wawili sikuwapata.
Waandike popote utakapo.

Na unauliza, kwa nini hawa wakubwa?
Kwa sababu walizaliwa
kabla chanjo haijafika kliniki za wachanga.
Kwa sababu kakangu Athmani alibeba magunia bandarini
hadi macho yakawa binzari
na tumbo likajaa maji ambayo kila Jumanne
tulilipia yatolewe,
na kila Jumatano yalirudi bila kulipa nauli.
Usinitajie ufa na ukuta.
Ukuta naujua, niliuza cherehani ya mama kuujenga,
na bado ulianguka.

Watu husema jambo limewakata maini.
Mimi nimeliona ini lenyewe, kwenye picha ya hospitali,
limekunjamana kama kwato.

Jumla sikujumlisha. Hiyo ni kazi yako.
Chenji iliyobaki, shilingi mia na sitini,
nimeibana hapa kwa pini.
Naomba risiti.