Waya Mwekundu, Waya Mweusi

Masanduku mawili nimeyatoa stoo, hapa Mabela,
mazito kama wageni walioshiba.
Mbao ya msaji, kitambaa cha kahawia usoni,
na juu ya lile la kushoto, duara jeupe:
hapo baba alikuwa akiweka kikombe,
miaka na miaka, kikombe kilekile,
mama akisema, na yeye akiweka.

Aliyanunua Deira, mwaka wa sabini na sita.
Akayaviringishia magodoro nyuma ya pikapu,
akaendesha njia nzima polepole
kama anayemrudisha mzazi kutoka hospitali.

Nilipoigusa koni kwa kidole
ukingo wa povu ulinibakia mkononi,
mweusi, wa kunata, halua iliyoungua.
Joto la Maskati halisamehe kitu laini.

Sasidharan wa Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
alivaa miwani juu ya miwani.
"Sumaku nzima," akasema, "karatasi nzima.
Kilichokufa ni kile kilichokuwa kinashikilia."
Akabandika ukingo mpya,
akang'oa kapasita zilizotoka jasho,
akanidai riali ishirini na tano
na akaniusia nianze kwa sauti ndogo:
aliyefunga siku nyingi hafuturu kwa nyama.

Sasa yamekaa sebuleni
chini ya televisheni nyembamba kama mkate wa rakhali.
Ampli niliagiza kwa simu,
inaingia mfukoni mwa kanzu,
ina kitufe kimoja na taa moja ya buluu.
Nilicheka nilipoifunga.
Kitoto kinaswaga ng'ombe wawili.
Lakini wazee hawa hawana tamaa:
wati tano tu, na vikombe kabatini vikaanza kugongana.
Zile spika nilizonunua mwaka jana, nyembamba, za fedha,
zilikula umeme na bado zikanong'ona.

Nikazima kiyoyozi. Agosti. Ndiyo, Agosti.
Nikatafuta kwenye simu taarabu moja ya zamani, udi na fidla,
na mwanamke akaimba katikati ya chumba,
palepale penye meza ya kahawa,
wazi kabisa,
ungeweza kumsogezea kiti.

Mama alisikiliza, ushungi umemwangukia begani.
"Nzuri," akasema,
vile mtu anavyosifia mchuzi wa jirani.
"Lakini siyo."

Siyo nini, mama?

"Siyo zile. Zile zetu, mwimbaji hakuwa na mahali.
Alikuwa huku, alikuwa jikoni, alikuwa nyuma ya sikio.
Baba'ko akisema: Rayya, huyu hakai, huyu wa hewani.
Wewe umemkalisha."

Nikadhani ni uzee.
Nikadhani ni kapasita.

Usiku wamelala, nikapiga magoti na tochi ya simu
nyuma ya sanduku la kulia.
Chini ya shaba yangu mpya, kishina cha waya wake,
kimekazwa kwa koleo, mkono wake ule usiofunguka:
mwekundu penye hasi,
mweusi penye chanya.

Kumbe maisha yake yote
sanduku moja lilivuta pumzi
wakati jingine likitoa.
Besi zikiuana njiani.
Sauti ikikosa kwao, ikazagaa nyumba nzima
kutafuta pa kutua.
Sasidharan angeshika kichwa.
Kosa dogo, la dakika mbili, la mtu mwenye haraka
aliyetaka mkewe asikie kabla chai haijapoa,
na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua,
na tukakulia ndani yake.

Nikalegeza skrubu mbili.
Nikageuza.

Asubuhi Lujaina akatoa vidude vyake masikioni:
"Baba, imeharibika? Besi imekwenda wapi?"
Sikumjibu.
Namtazama bibi yake,
ameshainuka bila fimbo,
anaelekea jikoni
kuhakikisha.