Giga Mbili

Kompyuta yangu ina giga mbili tu,
na Kongowea nzima yataka kupita humo:
huyu cheti cha kuzaliwa, yule fomu ya ushuru,
Tsuma barua ya kuomba kazi bandarini
na picha yake, shingoni tai ya kuazima.

Zamani ikishiba ilivuka maji:
kisichotumika hupelekwa diski,
na kukirudisha ni kama kufuata mzigo Likoni
siku feri imekwama.
Mteja ananitazama mimi,
mimi natazama kiduara kinachozunguka.

Mbeyu wa mitumba, kibanda cha pili,
hana ghala. Ana magoti.
Hukunja, hulalia, hukaza kamba,
sweta arubaini zikawa mto wa kichwa.
"Sikutupa kitu," husema. "Nimekinyima hewa tu."

Usiku ule nikaiamuru mashine nayo ikunje:
kurasa zilizolala zibanwe mumo humo,
zikiitwa zifunguke bila hata finyo.
Prosesa ililalama, feni ikavuma,
lakini asubuhi Tsuma alipata barua
chai yake haijapoa.

Picha ndizo zilizogoma.
Kilichokwisha kubanwa hakibaniki tena,
watoka jasho la bure.

Nilipomweleza Mbeyu alicheka,
kisha akanyamaza.
Chumba kimoja Maweni, watoto watano,
na juzi shemeji kaja na godoro lake.
"Hebu iandike hiyo," akasema,
"nimpelekee mwenye nyumba."

Nikaipiga chapa.
Sikumtoza.