Ya Moto

Hoteli yao imefungwa siku tatu, bomba la gesi linavuja,
na Baba Kayalvizhi kaamka saa kumi ya alfajiri vilevile,
kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini,
kama abiria aliyefika stesheni akaambiwa treni imefutwa.
Kulipokucha kasema, akiutazama ukuta:
"Vaa. Leo tunakula nje."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa.
Nikaitoa sari ya kijani, ile ya harusi ya mdogo wangu,
nikachomeka asumini nyweleni,
wala sikuuliza ni wapi, nisije nikamzindua.

Akanipeleka kwa mahasimu wao,
nyuma ya stendi ya mabasi ya Tiruchi.
Mwenye hoteli kwenye sanduku la hela, liwa kipajini,
na Esakki, mhudumu, kitambaa begani,
akatutajia vyakula vyote kwa pumzi moja:
idli, vada, pongali, upma, dosa ya vitunguu, dosa ya samli.
Nikamwomba arudie.
Nilikuwa nimesikia. Nilitaka tu kutajiwa tena.

Jani la mgomba likatandikwa mbele yangu,
nikalinyunyizia maji, nikalipangusa kwa kiganja.
Dengu hizi sikuziloweka mimi.
Nazi hii sikuikuna.
Ukwaju, mkono mwingine umeukamua.
Sambari ikamiminwa kutoka ndooni, mvuje ukanipanda puani,
nami nimekaa. Nimekaa tu!

Yeye hali. Anasikiliza.
Dirishani pa jiko kijana anamwaga rojo juu ya chuma,
na mume wangu kafumba macho:
"Umesikia? Chuma kimezidi moto.
Inatakiwa iseme chwaa, polepole. Hii inapiga mayowe."
"Kula, Baba Kayalvizhi."
"Na rojo halijaumuka."
"Kula."
"Tazama anavyozungusha kata, kama mtoto anachora jua."

Dosa zikaja. Zilikuwa nzuri, nisiseme uongo.
Yake ilichanika kidogo katikati.
Akaigeuza, akaikagua mgongo
kama mtu anayenunua ndama mnadani,
akaisogeza upande wangu.
Kisha akainuka.

Nikainamia jani langu.
Sikutaka kuiona aibu ikiingia jikoni kwa watu.
Nikasikia sauti ya mwenye hoteli ikipanda,
ikashuka; mtu akacheka; kimya jii;
halafu nusu ya kitunguu ikisuguliwa juu ya chuma.
Nikala yangu. Nikala yake.
Nikaagiza kahawa, Esakki akaivuta hewani
kikombe hadi kikombe, urefu wa mkono, isidondoke hata tone.

Mji huu wote umekula mkono wake:
makondakta, makarani wa mahakama, wachumba wanaofichana na wazazi.
Mimi hula zile za saa tano usiku,
zilizofungwa kwenye jani, jani kwenye gazeti,
zimelegea kama sikio la mbuzi.
Huzipasha. Husema ni tamu.
Ni tamu kweli.
Lakini zimekwisha kuwa za jana kabla hazijanifikia.

"Imetumwa kwako," Esakki akasema,
akaishusha, ndefu kupita jani,
rangi ya shaba, nyembamba hata mwanga unapenya.
Nikavunja pembeni. Ikalia.
Nikaungua vidole, nikaungua ulimi,
macho yakaniloa, nikasingizia pilipili
ingawa chatini sijaigusa.

Dirishani, jasho likimtiririka, kata ya wenyewe mkononi,
akaninyanyulia kidevu: vipi?

Jina lake sijapata kulitaja mbele za watu, kwetu mke hataji.
Kumsifu ndiyo kabisa, ningeanzia wapi?
Nikamjibu kwa midomo, bila sauti:
chumvi imezidi.

Haikuzidi.
Akageuka upesi, akanyunyiza maji kwenye chuma,
akanimwagia nyingine.