Sinki la Adelino

Dukani, mashine ya kuoshea vipuri
ni nyekundu, ina mfuniko unaojifunga wenyewe,
na bei iliyonirudisha nje, mikono mfukoni:
dola mia tatu na tisini, kodi bado.
Mimi nina gereji chini ya nyumba ya kupanga, hapa Hamilton,
mlango wake hugoma kuanzia Novemba,
na ndoo iliyopasuka, na mswaki wa zamani wa mke wangu
ambao hajui bado umekwenda wapi.

Basi nikaanza kuokota.

Sinki nililikuta Jumanne, siku ya taka,
limelala chali kwenye nyasi za jirani,
chuma cha pua, mabakuli mawili, moja limebonyea.
Nikabisha hodi. Mzee Adelino akatoka na kandambili juu ya soksi,
akanitazama, akalitazama sinki,
akasema mkewe aliparuza samaki humo miaka thelathini,
sasa wana jipya, jeupe, na hakuna anayelipenda.
Akanisaidia kulibeba.
Alishika upande mwepesi.

Hesabu niliiandika ukutani kwa penseli:
pipa la lita sitini, bure, lilikuwa la zeituni
(siki yake inanukia mpaka leo);
pampu ya chemchemi ya bustani,
ile watu wanayowawekea ndege waoge, kumi na nane;
bomba la mpira, sita na senti zake;
shingo ya taa ya mezani, ipinde utakavyo, bomba likapita ndani;
miguu minne, mbao za kitanda
ambacho Salha amekizidi urefu.
Jumla, arobaini na moja.
Ngozi ya kidole gumba sikuihesabu.

Kazini wakaniambia, tia petroli, vitang'aa.
Petroli!
Kona ile kuna hita ya maji,
mwali wake wa buluu hauzimwi usiku wala mchana,
na juu ya dari hii analala mtoto wangu.
Nikanunua sabuni ya kijani ya kuchanganya na maji,
yenye mwendo wa karani wa serikali
lakini haina hasira.

Nikachomeka plagi. Maji yakaja.
Jamani, yalikuja!
Membamba kama penseli, yakaipiga kabureta
ya mashine ya kusukumia theluji, masizi yakaanza kulia meusi.
Dakika nne. Kisha pampu ikakohoa,
ikatema mara mbili, kimya.
Nikaifungua: tumbo limejaa tope,
mchanga, chumvi ya barabarani, unga wa chuma.
Nikaisafisha, nikawasha. Dakika tatu.
Nikasema maneno ambayo mama hakunifundisha.

Salha akashuka kuniita chakula,
kitabu mkononi, kidole kikilinda ukurasa.
Akachungulia pipani.
"Baba, mbona umeilaza chini kabisa?
Uchafu nao unalala huko huko."
Akaenda mlangoni, akarudi na nusu tofali,
akalizamisha, akaipandisha pampu juu yake,
akajifuta mikono kwenye shati langu.
Langu, si lake.

Nilipokuwa na umri wake, Korogwe,
fundi Mbaruku alinipa karai la mafuta ya taa
na unyoya wa kuku.
Nilisugua nati mchana kutwa,
nikala ugali wenye harufu ya kibatari.
Hakuwahi kuniuliza kitu,
na mimi sikujua
kwamba huenda nilikuwa na jibu.

Maji bado yanapita. Kabureta inaanza kuonyesha
namba zake, ndogo, zilizozaliwa nayo kiwandani.
Chini ya tofali tope linatulia;
nitalitoa lini, sijui, na nitalimwaga wapi, sijui zaidi.
Juu, sauti: chakula kinapoa.
Halafu, baada ya kitambo:
na nani kauchukua mswaki wangu?

Salha ananitazama.
Nauzamisha mswaki taratibu,
mpaka shina lake la waridi linapotea kwenye povu.
Tunazima taa.
Pampu tunaiacha iendelee.