Kimya cha Lita Elfu Tatu

Nimeendesha tramu miaka ishirini na sita
mjini Brno, njia ya vilima na kona,
na sikio langu hujua beringi ikianza kufa
wiki mbili kabla ya fundi.
Kwa hiyo usiniambie, Přemek, eti pampu hii haina sauti.
Kila kinachozunguka kina la kusema.
Jaza ndoo. Ichomeke. Nyamaza.

Duka lake liko chini ya ardhi, linanuka mwani na kahawa.
Pampu ya kwanza ilikoroma
kama mlevi wa kiti cha nyuma, tramu ya mwisho.
Ya pili ilikuwa na mluzi mwembamba,
ule usiousikia mchana,
na ukishausikia usiku haukuachi tena.
Ya tatu, mpaka nilipotia kiganja ndoonina maji yakakisukuma,
ndipo nilipojua imewaka.
"Bei gani?"
Akaitaja.
Tukanyamaza wote watatu: mimi, yeye, na pampu.

Nyumbani kabati nimelipima mara nne.
Tangi la juu, lita mia tatu.
Tangi la chini, la kuchujia, lenye vyumba vitatu:
soksi ya kunasa uchafu, sifongo wanamoishi bakteria,
kisha pampu, juu ya kipande cha godoro la zamani
ili mtetemo usishuke kwenye mbao.
Maji yatapanda mita moja na robo,
ndiyo maana siiamini namba ya kwenye boksi.
Lita elfu tatu kwa saa
ni za pampu isiyobeba kitu.
Hata mimi, bila abiria, nilikuwa na mbio.

Samaki wa maji baridi, ndivyo wanavyoitwa,
na kipimajoto chasema nyuzi ishirini na sita,
na theluji ya Februari dirishani haina neno.

Kabla ya yote nilizima umeme makusudi.
Maji ya juu yakaanza kurudi chini,
yakapanda kwenye tangi la kabatini, yakapanda,
nami nimepiga magoti na taulo tatu,
yakasimama vidole viwili chini ya ukingo.
Yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga,
na wao hawakuishi ghorofa ya tano
juu ya Bwana Ctibor Zouhar.

Huyo, kwa miaka kumi na mmoja,
pampu yangu kuukuu ikivuka saa nne za usiku
hupiga dari lake kwa mpini wa ufagio. Mara tatu.
Mimi hukanyaga mara moja.
Hatujawahi kusalimiana kwa namna nyingine.

Lililonitoa jasho ni bomba la kushushia maji.
Gulugulu, gulugulu, kama mtu anayesukutua.
Nikakaza valvu robo, kisha robo ya robo,
kisha upana wa unywele,
mpaka maji yakashuka yamejaa bomba, bila kumeza hewa.
Kimya.
Samaki malaika wakasimama katikati ya majani
wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezimwa.

Saa sita kasoro dakika ishirini, hodi.
Si sakafuni. Mlangoni.
Bwana Zouhar na kandambili zake, ufagio mkononi.
"Wamekufa?"
"Nani?"
"Samaki. Sisikii kitu."

Nikamwingiza. Akainama mbele ya kabati, goti likalia,
akaweka sikio kwenye kioo,
kisha akaushika mpira unaopandisha maji
kama daktari anayetafuta mshipa.
"Inatembea," akasema.
"Inatembea."
Akautazama ufagio wake.
"Sasa nigonge nini?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na chai.
Alipoondoka nikafungua kabati,
nikalegeza valvu upana wa unywele, kisha mwingine.
Gulu.
Nikasubiri.
Gulu, gulu.

Kutoka chini, pigo moja.