Mwenye Baa

Miaka ishirini na sita baba yangu, Norris Ormerod,
alimimina bia isiyolewesha,
maji na sukari iliyoungua,
katika baa isiyo na paa, taa tupu juu,
nyuma ya ukuta wa mbao kule Salford.
Nyumbani alikunywa chai.

Kisha waandishi wakamchoka.
Wakamwangusha ngazini, Alhamisi, saa moja unusu usiku,
nasi tukatazama pamoja, sahani za chipsi mapajani.
"Nimekufa vizuri?"
Mama akasema, "Umepepesa jicho."

Asubuhi mleta barua alimkuta mlangoni,
akaangua kilio, bili zetu zikalowa mvua.
Sokoni wakampa pole kwa kifo chake mwenyewe.
Muuza samaki alikataa hela: "Ni rambirambi."
Naye alishukuru, kofia mkononi,
kama jirani wa marehemu.

Alipokufa kweli, mwezi wa Machi,
hapakuwa na wa kusema "Kata!"
Mtaa mzima uliinua glasi
kwa jina ambalo halikuwa lake.
Mimi nilikuwa nimekesha naye,
nikilingoja lile jicho.